Pampu Mkononi, Dawa Haijafika Mapafuni

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa uliua watu takriban milioni 3.5 mwaka 2021. Kwetu Tanzania hawaugui wavuta sigara pekee. Wamo pia akina bibi waliopikia kuni na mkaa maisha yao yote. Mkakati wa Taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tunaupongeza, lakini mapafu yaliyokwisha kuharibika yanahitaji dawa ya kuvuta leo.

Sera ya afya inawapa wazee wasiojiweza matibabu bila malipo. Hata hivyo, kumkabidhi mzee pampu si kumtibu. Yampasa kuitikisa, kutoa pumzi, kubonyeza huku akivuta taratibu, kisha kubana pumzi kwa sekunde 10 hivi. Vidole vyenye baridi yabisi na kumbukumbu iliyofifia hushindwa, na dawa huishia kinywani. Chemba ya kuvutia dawa, hata iliyotengenezwa kitaalamu kwa chupa ya plastiki, humpunguzia mzee ugumu huo.

Basi wahudumu wa afya wamwombe mzee aoneshe anavyovuta, kila arudipo kliniki. Nazo Jumuiya Ndogondogo zinapowatembelea wagonjwa ziulize: dawa ingalimo? Nani humsaidia kubonyeza? Amri ya kuwaheshimu baba na mama inadai pia tujali pumzi yao.