Kiatu kinavuka mpaka, haki ya fundi inabaki nyuma

Mfanyabiashara anayetoka Mbarara na mzigo wa sandali usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anajua cha kufanya akifika Mutukula au Katuna. Bidhaa ikiwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na imo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, akaendelea na safari bila kutozwa ushuru wa forodha. Utaratibu huo una kasoro zake, na wanaoutumia kila wiki wanazijua kuliko waliouandika. Lakini upo, na umewatoa wengi katika njia za panya.

Sasa itolewe sandali moja katika mzigo huo, igeuzwe juu chini. Chukulia kwamba fundi wa Nakivale ameikata soli yake kwa namna ambayo hakuiona kwa mtu: mifereji inayosukuma tope pembeni, na kisigino kinachofungwa kwa kabari ili kikilika kibadilishwe peke yake bila kung'oa soli nzima. Ni mfano tu, ila kila anayeuza viatu katika njia za matope za Isingiro anajua kwamba kiatu cha namna hiyo kingenunuliwa. Mchuuzi akivuka nacho Kikagati kwenda Murongo, ng'ambo ya mto Kagera, anabeba kiatu chenye karatasi na ubunifu usio na karatasi. Mwezi haujaisha, soli ileile inakatwa na mafundi wa upande wa pili, inarudi Mbarara kwa bei ya chini, na aliyeibuni anashindana na kazi ya kichwa chake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mkimbizi ana shida kubwa kuliko hataza, yaani ile haki ya mvumbuzi ambayo wengi huiita patenti. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini inasahau Nakivale ni mahali gani. Makazi hayo yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, yakiwa miongoni mwa ya zamani zaidi barani. Leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowauzisha na kuwanunulisha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara. Ukienda huko utakuta cherehani, karakana na maduka. Mtu anayeishi mahali kwa miaka 10 au 20 hangoji tu mgao, huwa na kazi, na kazi huzaa ubunifu.

Tena haki yenyewe imeandikwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1976, una kifungu cha 14 kinachozungumzia uvumbuzi, michoro ya bidhaa, alama na majina ya biashara. Kinasema mkimbizi atalindwa katika nchi anamoishi sawasawa na raia wa nchi hiyo. Hakuna fadhila hapo. Fundi wa Nakivale anaweza kupeleka ombi lake kwa Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB, ambayo ina tawi la kanda mjini Mbarara, kama anavyoweza fundi aliyezaliwa Ruharo au Kakoba.

Akishalipeleka, ndipo kazi inapoanza. Mchunguzi wa hataza hauhurumii umaskini wa mwombaji wala haogopi utajiri wake. Anauliza mambo matatu. Je, kitu hiki ni kipya, si kwa Nakivale wala Uganda tu, bali kwa dunia nzima? Je, kina hatua ya ubunifu, au ni jambo ambalo fundi viatu yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angelifikia bila kuumiza kichwa? Na je, kinaweza kutengenezwa na kutumika? Swali la tatu ni jepesi kwa soli. Mawili ya kwanza ndiyo yanayoangusha maombi mengi.

Soli ya tairi, kwa mfano, haiwezi kupata hataza, na haipaswi kuipata. Kenya wanaiita akala, Tanzania katambuga, Uganda lugabire. Imevaliwa na wachungaji, wapagazi, wanafunzi na wapiganaji tangu magari yalipoanza kuacha tairi kuukuu katika nchi hizi. Ni mali ya wote. Kwa hiyo fundi wetu wa mfano akiandika kwamba amevumbua “sandali yenye soli ya tairi”, ombi lake litakataliwa kwa haki. Inambidi aseme ni kitu gani hasa kimeongezwa: mfereji umekatwa kwa pembe ipi, kabari inakaaje, na ni tatizo gani lililokuwapo ambalo sasa halipo. Katika hataza, kinacholindwa ni maneno ya madai yaliyoandikwa katika ombi. Dai likiwa pana mno linagongana na akala, likiwa jembamba mno mshindani anabadilisha pembe kidogo na kupita.

Wafanyabiashara wana sababu yao ya kutaka mchunguzi awe mkali. Mwenye hataza hupewa haki ya kuzuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasiingize nchini bidhaa yenye uvumbuzi wake kwa miaka hadi 20. Anayeshtakiwa si aliyekata soli peke yake, hata aliyeibeba na kuitandaza sokoni anaweza kushtakiwa. Siku ofisi itakapompa mtu mmoja hataza ya soli ya tairi kwa uzembe, kila mwenye fungu la sandali kati ya Mbarara na Bukoba atakuwa mhalifu bila kujua. Na hatari hiyo si ya kufikirika, kwa sababu mchunguzi hutafuta kwanza katika hazina za hataza zilizokwisha kuandikwa, na akala haikuandikwa na mtu. Elimu ya mafundi wetu imo mikononi na vinywani mwao, wala haimo kwenye kompyuta ya Harare au Geneva. Isipoandikwa na kupigwa picha yenye tarehe, mgeni anaweza kuiomba kama yake na asionekane mwongo.

Wengine walishaona thamani ya miguu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1996 Mswisi Karl Müller alizindua kiatu chenye soli iliyopinda kama mtumbwi, akakiita MBT, herufi zinazosimama badala ya maneno yenye jina la Wamasai na mwendo wao wa miguu mitupu. Kiliuzwa nchi nyingi na kwa bei kubwa. Kusema kwamba aliwaibia Wamasai si haki: mwendo wa mtu haupewi hataza, na soli ile ilijengwa na yeye. Lakini funzo la biashara liko wazi. Jina lilikuwa la huku, faida ya soli ikaandikishwa kule, kwa kuwa kule ndiko kulikokuwa na mtu aliyejua kuandikisha.

Na isidhaniwe kwamba uvumbuzi wa soli ni kazi ya maabara. Kocha wa riadha Bill Bowerman wa Oregon, Marekani, aliharibu chombo cha jikoni cha mke wake mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipomimina mpira ndani ya kile chuma cha kuokea mikate ya miraba, akitafuta soli itakayoshika ardhi bila misumari. Mwaka 1974 alipewa hataza ya kiatu cha michezo chenye meno mafupi ya pembe-pembe, na kampuni ya Nike ikajengeka juu ya kazi kama hiyo. Mchunguzi hakumuuliza ana kiwanda au ana jiko. Alisoma madai, akatazama michoro, akalinganisha na viatu vilivyotangulia.

Kwa fundi wa Nakivale, hata hivyo, hataza kamili mara nyingi si njia bora, na washauri wanaomhimiza aombe hataza ya miaka 20 wanamtuma sokoni kununua lori ili abebe gunia. Uchunguzi ni mrefu. Kwa kawaida ombi lenyewe huchapishwa baada ya miezi 18, na wakati huo mtindo wa sandali umeshabadilika. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Uganda ya mwaka 2014 inatoa njia nyingine mbili. Kama kipya ni sura ya soli, mpangilio wa mifereji na umbo linaloonekana kwa macho, anaweza kusajili mchoro wa bidhaa. Kama kipya ni utendaji, mfano ile kabari ya kisigino, ipo hataza ndogo ambayo wanasheria huiita modeli ya matumizi. Masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza kubwa, na muda wake ni mfupi. Kosa ni kuchanganya: anayesajili sura pekee hawezi kumzuia mtu aliyeiba utendaji na kubadilisha sura.

Kosa kubwa kuliko hilo ni haraka ya kuonyesha. Soli ikishatandazwa kwenye maonyesho, ikapigwa picha na kurushwa katika makundi ya simu, si siri tena, na upya wake unaweza kuwa umekufa kabla ya ombi kuandikwa. Sheria husamehe baadhi ya maonyesho kwa muda mfupi, lakini msamaha huo haufanani nchi kwa nchi, na si wa kutegemea. Mashirika yanayowapeleka mafundi wa makazi kwenye maonyesho kwa nia njema yangefanya vizuri kuwapitisha kwanza katika ofisi ya Mbarara. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko mjini humohumo. Wanafunzi wa uhandisi wanaojua kuchora na kupekua hazina za hataza, ambazo nyingine ziko wazi bure kwenye intaneti, wangeweza kumfanyia fundi kwa siku moja kazi ambayo yeye hawezi kuifanya kwa mwaka.

Linabaki suala la mpaka, na hapa lawama haiwezi kubebeshwa fundi. Haki ya hataza ni ya nchi moja moja. Iliyotolewa Uganda haina nguvu Murongo. Ipo njia ya ARIPO, shirika la mali ya ubunifu lenye makao Harare, ambalo chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 hupokea ombi moja la hataza na kulichunguza kwa niaba ya nchi zilizotajwa ndani yake. Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zimo, na kila nchi ina miezi sita ya kukataa isipokubaliana. Hilo ni jambo jema. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazimo. Kwa fundi Mkongomani wa Nakivale, maana yake ni kwamba anaweza kulindwa mpaka Mombasa lakini asilindwe Bunagana, karibu na alikotoka, mahali ambapo wateja wake wanazungumza lugha yake.

Njia pekee iliyobaki kwake ni Mkataba wa Paris. Aliyeomba Uganda ana miezi 12 ya kuomba hataza au modeli ya matumizi katika nchi nyingine mwanachama akihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Kwa mchoro ana miezi sita. Kongo ni mwanachama. Lakini ombi hilo linakwenda Kinshasa, kwa Kifaransa, chini ya sheria ya mwaka 1982. Mtu aliyekimbia nchi hiyo atalipelekaje?

Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 43 zishirikiane katika haki za mali ya ubunifu. Kongo imeingia katika Jumuiya mwaka 2022. Mawaziri walioweza kukubaliana juu ya cheti cha ukurasa mmoja kwa mzigo wa dola 2,000 hawashindwi kukubaliana kwamba ombi la hataza ndogo au la mchoro, likipokelewa Mbarara, Goma au Bujumbura, lihesabiwe kuwa limepokelewa katika nchi zote za Jumuiya tarehe hiyohiyo, hata kama kila nchi itaendelea kulichunguza kwa sheria yake. Hilo halihitaji kujenga ofisi mpya Arusha. Linahitaji daftari moja la tarehe na ada ambayo fundi anaweza kuilipa kwa mauzo ya wiki.

Fomu nazo ziandikwe kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na Jumuiya ilikuwa imeshakipokea kabla ya hapo. Fundi wa Juru au Rubondo anayeweza kueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi kabari inavyoingia na kwa nini haichomoki, ameshaandika nusu ya ombi lake. Kinachohitajika ni ofisa wa usajili atakayetoka Mbarara, siku ya soko, akakaa Base Camp na fomu hizo mkononi.