Ziara ya Ulaya Ianzie Olorgesailie

Likizo ndefu inapokaribia, barua za vyuo huanza kuwafikia wazazi. Mojawapo ni ile ya kumwalika mwanafunzi ajiunge na wenzake katika ziara ya masomo barani Ulaya: siku kumi au kumi na nne, miji minne au mitano yenye sifa za kale, London, Paris, Berlin, Roma, kisha kurudi nyumbani. Mzazi wa Kitengela au wa Kajiado huisoma orodha ya gharama, akalitazama zizi lake au akiba yake katika chama cha ushirika, akajiuliza iwapo mwanawe atarudi na elimu au atarudi na picha.

Swali hilo ni la haki, nalo linastahili kujibiwa na walimu kabla ya ng'ombe kupelekwa mnadani. Ada ya kuomba viza ya nchi za Schengen peke yake ni yuro 90 tangu mwaka wa 2024, na mwombaji akikataliwa harudishiwi fedha zake. Bado hatujataja ndege, malazi, chakula na bima.

Sisemi kwamba ziara hizi zipigwe marufuku. La hasha! Waliosema tembea uone hawakukosea, na elimu isiyotoka nje ya kuta nne za darasa ni elimu yenye njaa. Hoja yangu ni kwamba ziara ya historia huanzia nyumbani. Mwanafunzi atakayefika Ulaya kabla ya kuijua Kajiado atashindwa kuyaona hata yale yaliyo mbele ya macho yake kule kule Ulaya.

Tuchukue Berlin kwa mfano. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikutana katika jumba la Chansela Bismarck, mtaa wa Wilhelmstrasse, wakaweka kanuni za kugawana bara letu. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika kikao hicho. Leo jumba hilo halipo. Liliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, na magofu yake yakabomolewa baadaye. Mwanafunzi asiyejua atapita mahali hapo akitafuta duka la kahawa. Ajuaye atasimama, kwa kuwa atakumbuka barabara itokayo Kitengela, ikapita Isinya, Kajiado na Bisil, ikaishia Namanga kwenye lango la mpaka. Mpaka ule ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya mwaka wa 1886. Mstari ulianzia pwani, kwenye mlango wa mto Umba, ukaenda hadi Ziwa Viktoria huku ukiuzunguka mlima Kilimanjaro ili mlima ubaki upande wa Wajerumani. Wamaasai wakajikuta wako pande mbili za mstari ambao hawakuuona ukichorwa.

Hapa pana somo la pili kwa walimu. Wanafunzi wengi wameikariri ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Pili, mlima Kilimanjaro katika sikukuu ya kuzaliwa. Hadithi ni tamu, lakini haipatani na kalenda. Mapatano yalifanywa mwaka wa 1886, naye Wilhelm alishika ufalme mwaka wa 1888. Ukweli ni mchungu zaidi kuliko zawadi ya bibi kwa mjukuu: mpaka ulitokana na biashara, mikataba ya ulaghai na mashindano ya madola. Mwanafunzi aliyejifunza kuipima hadithi kwa tarehe akiwa Kajiado, ndiye atakayeweza kumuuliza mwongozaji wa watalii swali la maana akiwa Berlin.

London nayo ina sura yetu. Mwaka wa 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwamo Olonana, ili waondoke katika Bonde la Ufa na kuhamia hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Waliahidiwa kwamba mapatano yale yangedumu maadamu Wamaasai wapo. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 mkataba mwingine uliwataka walio Laikipia wahamie kusini, ili nyanda zile ziachiwe walowezi. Kajiado ya leo ni sehemu ya ile hifadhi ya kusini. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka wa 1913, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Ole Njogo, nayo mahakama ikaitupilia mbali kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya dola na dola, hivyo haikuweza kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Watu walionyang'anywa ardhi kwa kutazamwa kama raia wa chini, walinyimwa haki kwa kuitwa taifa huru!

Barua nyingi za Wizara ya Makoloni kuhusu mambo hayo zimehifadhiwa katika jumba la nyaraka la taifa huko Kew, London. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Ziara inayowapeleka vijana wetu kupiga picha mbele ya lango la Buckingham, isiwapeleke Kew hata kwa asubuhi moja, ni matembezi tu. Na kijana ambaye hajawahi kuingia katika Idara ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, mwendo wa matatu moja kutoka Kitengela, hawezi kujua aombe faili gani akifika huko.

Iwapo msomaji atadhani natia chumvi, na autazame mfano wa Oxford. Mji huo una jumba la makumbusho liitwalo Pitt Rivers, lililoanzishwa mwaka wa 1884, mwaka ule ule wa mkutano wa Berlin. Ndani yake mna vitu vingi vya Kimaasai. Mwaka wa 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai kutoka Tanzania, alilizuru jumba hilo. Aliviona vitu hivyo, akahoji maelezo yaliyoandikwa, akauliza vilifikaje pale. Ujumbe wa wazee na viongozi wa Kimaasai kutoka Kenya na Tanzania ulifuata mwaka wa 2018, na mwingine mwaka wa 2020. Waliwaeleza wenyeji wao kwamba baadhi ya vitu, kama vile bangili ya urithi ambayo baba humwachia mwanawe, haviuzwi wala havitolewi zawadi. Kuvikuta Oxford kulikuwa ushahidi kwamba jambo baya lilimpata mwenyewe. Tangu hapo pakaanza mazungumzo ya upatanisho, na mwaka wa 2023 wajumbe wa jumba hilo wakafunga safari kuja Afrika Mashariki kuonana na familia zilizohusika.

Wazee wale hawakuwa watalii. Walikwenda Ulaya kama kundi, wakaingia katika mji wa kale wenye vyuo vyenye umri wa karne nyingi, na badala ya kufundishwa tu, wakafundisha. Ninaamini waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa wamehitimu nyumbani. Mwanafunzi wetu mwenye simu ya bei ghali, asiyejua bangili ile humaanisha nini, angepita mbele ya kabati lile lile akasema, "Tazama, vitu vya kwetu!" kisha akaelekea dukani kununua kumbukumbu.

Basi nyumbani kuna nini cha kuhitimu? Olorgesailie iko kando ya barabara ya Magadi, katika kaunti yetu hii ya Kajiado. Mtu akitoka Kitengela asubuhi, akapitia Isinya na Kiserian, atafika, atajifunza na kurudi kabla ya jua kuchwa. Mwaka wa 1942 Louis na Mary Leakey walikuta mashoka ya mawe ya mkononi yamesambaa juu ya ardhi kwa wingi wa ajabu, na katika kazi ya kuchimba walisaidiwa na Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita. Mwaka wa 1947 mahali hapo pakafunguliwa kuwa makumbusho. Mashoka hayo yalichongwa na viumbe wa jamii ya binadamu walioishi kandokando ya ziwa ambalo limekauka zamani za kale. Mwaka wa 2003 palipatikana vipande vya fuvu lenye umri wa takriban miaka 900,000.

Tena mwaka wa 2018 watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani walitangaza matokeo mengine ya bonde hilo. Kiasi cha miaka 300,000 iliyopita, wakaaji wake walikuwa wakitengeneza zana ndogo zenye ufundi, wakitumia udongo wa rangi, na wakipata mawe meusi ya kioo cha volkano kutoka umbali wa hata kilomita 90. Maana yake ni kwamba watu wa mahali hapa walikuwa na mahusiano na watu wa mbali, pengine kubadilishana mali, katika zama ambazo Roma haikuwa hata jina. Ni wanafunzi wangapi wa Kitengela walioyatia macho mawe hayo? Nao wengine hupita pale ndani ya basi, muziki ukivuma, wakielekea maji moto ya Magadi.

Olorgesailie na Wilhelmstrasse zina funzo moja. Mahali pote pawili, asiyejua haoni kitu. Huku ataona mawe, kule ataona mtaa wa kawaida. Kinachomfanya mtu aone ni maandalizi aliyoyafanya kabla ya kufunga mizigo. Nao mwalimu ndiye mwenye dhima ya maandalizi hayo, si wakala wa safari.

Isitoshe, si jambo geni kwa watu wa Afrika Mashariki kwenda Ulaya na kurudi na elimu. Mwaka wa 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, naye akaandika habari za safari hiyo kwa Kiswahili. Zilichapishwa mwaka wa 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Mwaka wa 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na katibu wake Ham Mukasa walikwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Mukasa aliandika kila alichokiona kwa Kiganda, na tafsiri ya Kiingereza ikatolewa mwaka wa 1904. Watu hawa waliitazama Ulaya kwa macho yao wenyewe, wakaieleza kwa lugha zao. Wasomi wetu wa leo, wenye kalamu na tarakilishi, huleta nini? Mara nyingi huleta ripoti ya kurasa tano iliyonakiliwa kutoka katika vijitabu vya watalii.

Wapo watakaonijibu kwamba dunia imekuwa kijiji, na kwamba kijana wa Kajiado ana haki ya kuona Paris sawa na kijana wa Paris aonavyo Maasai Mara. Wana hoja, nami nakubaliana nao. Wapo pia watakaosema kwamba kijana aliyekulia katika boma hahitaji kufundishwa habari za boma. Hapo sikubaliani. Kuishi mahali si kupajua. Kitengela yenyewe ni ushahidi. Nyanda zilizokuwa malisho ya ng'ombe na njia ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi nyakati za mvua zimegawanywa vipande kwa vipande, zikazungushiwa ua, zikajengwa maghorofa. Mtoto aliyezaliwa katika ghorofa hizo huenda asijue kwamba jina la mji wake ni jina la mto na la uwanda mzima. Historia ya ugawaji huo, tangu ranchi za pamoja za sheria ya mwaka wa 1968 hadi viwanja vya leo, ni somo zito kama lolote la mji wa Ulaya.

Kwa hivyo, nawapendekezea walimu wakuu wa vyuo mambo manne. Kwanza, asiende Ulaya mwanafunzi ambaye hajafanya ziara ya Olorgesailie, ya Magadi na ya nyaraka za Nairobi, na kuandika alichojifunza. Pili, kila msafiri aondoke na swali lake moja, lililopitishwa na mwalimu, na arudi na jibu. Tatu, ripoti iandikwe kwa Kiswahili fasaha, isomwe mbele ya wazazi waliogharimia, na nakala iwekwe katika maktaba ambapo wadogo zake wataisoma. Nne, na hili nalisisitiza, alama za mtihani zisitegemee ziara hiyo hata kidogo. Mtoto wa mchungaji ambaye ukame umemmalizia mifugo asihukumiwe kuwa mjinga kwa kukosa nauli ya ndege. Ziara ya Olorgesailie ndiyo iwe ya lazima kwa wote, na chuo kiilipie kutoka katika karo ambayo tayari imelipwa.

Kwenu wanafunzi, ninayo machache. Mkipata nafasi ya kwenda, nendeni bila woga wala unyonge. Makanisa ya Roma na madaraja ya Paris ni kazi ya binadamu, na binadamu huyo alichonga shoka katika bonde letu zamani mno kabla ya kujenga daraja lolote. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Mkiulizwa huko mnatoka wapi, msiseme tu "karibu na Nairobi". Semeni Kajiado, kisha muweze kueleza kwa nusu saa bila kusita. Asiyeweza kufanya hivyo, na aahirishe safari yake ya ndege, apande matatu ya Kiserian kwanza.