SEHEMU YA 4: KITOVU HAKILETI UHANITHI, UCHAFU UNALETA MSIBA

Mama zangu, hasa nyie wa uzazi wa kwanza, leo nasema bila kupepesa macho.

Akizaliwa mtoto wa kiume, iwe Mbagala au Tandale, lazima ndani ya nyumba apatikane wa kusema: "Angalieni kitovu kisimdondokee kwenye uume, atakuwa hanithi." Hofu inaingia. Mama anatafuta cha kukikausha haraka: mate, majivu, mafuta ya nazi, maziwa ya kifua. Wengine wanakivuta kabisa.

Jamani, kile kipande kimeshakufa. Hakina damu inayotembea, hakina mshipa wa fahamu. Kikidondokea uume ni sawa na ganda la kidonda kudondokea mguuni. Okota, maisha yaendelee.

Hatari iko kwingine. Kitovu kina mishipa mitatu ya damu, na mmoja unaelekea kwenye ini la mtoto. Siku za mwanzo njia hiyo haijajifunga vizuri. Ukipaka majivu, umewafungulia vijidudu mlango. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kutokomeza pepopunda ya watoto wachanga, kwa chanjo mnazochomwa kliniki na uzazi safi. Tusiirudishe kwa majivu ya jikoni.

Najua jibu: "Mbona nyie tuliwapaka na mkakua?" Bibi, shikamoo. Mnaowaona ni waliokua. Waliozikwa hawapo hapa kutujibu.

Pemba walifanya utafiti kwa watoto zaidi ya 36,000, majibu yakatoka mwaka 2016. Wapo waliopakwa dawa ya kloheksidini, wapo walioachwa na kitovu kikavu na kisafi. Tofauti ya vifo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Kama dawa ya hospitali haikukipita wazi kitovu kikavu, majivu yatakipitia wapi?

Kwa hiyo fanya hivi:
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika.
- Kunja nepi ikae chini ya kitovu, kipate hewa.
- Kikichafuka, safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha kausha.
- Usipake chochote, labda dawa uliyopewa kituoni.
- Usivute. Wengi kinadondoka chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 15.

Ukiona usaha, harufu mbaya, damu isiyokoma, ngozi ya pembeni imevimba na kuwa nyekundu, au mtoto anachemka, amepoa au amegoma kunyonya, nenda kituoni usiku huohuo. Usingoje kuche.

Na akina baba, siku ya 7 mkimrudisha mtoto kliniki, njooni na mama mkwe. Mzazi wa siku mbili, mgongo unamuuma, usingizi hana, hawezi kubishana na mkwewe peke yake. Mleteni kwetu, tutaongea naye kwa heshima. Mtoto analala mikononi mwake, na yeye ndiye tunayemhitaji upande wetu.

Sehemu ya 5: mtoto kuwa wa manjano.