Nani atawafikisha watoto wa Eastlands mbugani?

Kila likizo ya Desemba inapowadia, wazazi wengi katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi hudaiwa ahadi moja na watoto wao: kupelekwa kutazama wanyama. Ni ahadi rahisi kutoa na ngumu kutimiza. Aghalabu watu hudhani kwamba kikwazo ni kiingilio kinachotozwa langoni na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). La hasha. Kiingilio hujulikana mapema, na mzazi mwenye nia aweza kukiwekea akiba. Kikwazo ni safari yenyewe.

Hebu msomaji na apige hesabu. Mama mwenye watoto watatu anatoka Kayole Jumapili asubuhi akielekea lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kwenye Barabara ya Langata. Njia ya kawaida ya matatu kutoka kwake huishia katikati ya jiji, kwa hivyo sharti apande gari la kwanza hadi mjini, kisha la pili hadi Langata. Watu wanne, magari mawili, kwenda na kurudi: hizo ni nauli 16. Akimpakata kitindamimba ataokoa nauli nne, lakini hapo ndipo mabishano huanza, kwani utingo humpima mtoto kwa macho wala si kwa miaka. Mvua ikinyesha, au siku ikiwa ni ya Krismasi, Pasaka au Idi, nauli hupanda bila taarifa, na hesabu iliyopigwa nyumbani huharibika mama akiwa tayari yuko njiani.

Isitoshe, kati ya gari la kwanza na la pili pana safari ya tatu, isiyolipiwa nauli lakini ngumu kuliko hizo mbili. Magari ya Eastlands hushusha abiria upande wa Muthurwa na Mtaa wa Ronald Ngala. Yale ya namba 125 na 126, yaendayo Ongata Rongai kupitia Langata, hupandiwa upande wa stesheni ya reli. Mama huyo hana budi kuwavusha watoto watatu katika barabara zisizo na subira, wawili amewashika mikono na wa tatu yu mgongoni, huku mikokoteni, wachuuzi na pikipiki wakiwania upenyo ule ule. Tena huenda akafika akakuta utingo wa Rongai hamtaki abiria wa kushukia Langata, kwa kuhofia kiti kitakachobaki kitupu hadi mwisho wa safari. Atakubaliwa iwapo atalipa nauli ya Rongai.

Mambo haya hayakuzuka jana. Mitaa kama Pumwani, Kaloleni na Makongeni ilijengwa zama za ukoloni ili kuwaweka wafanyakazi Waafrika karibu na reli na viwanda. Barabara ya Jogoo, ambayo siku hizo iliitwa Doonholm, ilimpeleka mtu kazini na kumrejesha kulala. Matembezi ya Jumapili hayakuwa katika fikira za waliopanga jiji. Kampuni ya Kenya Bus Service, iliyoanza mwaka 1934, ilifuata mkondo huo. Matatu, zilizoruhusiwa rasmi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973, zilirithi njia za mabasi na hata namba zake. Dandora ilipojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, njia zilirefushwa tu. Mwisho wake ulibaki pale pale mjini. Treni nayo ratiba yake humfuata mfanyakazi: asubuhi kuingia, jioni kutoka.

Ajabu ni kwamba mbuga yenyewe, yenye eneo la kilomita mraba 117 na iliyotengwa mwaka 1946, haiko mbali na wakazi hawa. Embakasi na Pipeline zi karibu na Barabara ya Mombasa, na ng'ambo ya barabara hiyo ndiko uliko ua wa mbuga na Lango la Mashariki. Lakini lango hilo halimfai aendaye kwa miguu. Ndani ya mbuga ni marufuku kutembea nje ya gari isipokuwa mahali palipotengwa, na vivutio viwili ambavyo mtu huvitazama kwa kutembea, yaani Kituo cha Wanyama Yatima kilichoanzishwa mwaka 1964 na Nairobi Safari Walk, viko penye lango kuu, upande wa pili kabisa. Tangu mwaka 2019 reli mpya ya kwenda Suswa imekuwa ikipita juu ya mbuga hii kwenye daraja la zaidi ya kilomita 6, hivyo kwamba msafiri asiyekuwa na haja ya twiga aweza kumwona twiga bila kumtafuta. Na mwezi Machi mwaka 2016 simba alitoka mbugani akafika Barabara ya Mombasa na kumjeruhi mtu. Simba huyo hakubadilisha gari mjini.

Wapo watakaosema kwamba watoto wa Eastlands wana Uhuru Park. Ni kweli kwamba bustani hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1969 na kunusurika mwaka 1989 kwa ujasiri wa Profesa Wangari Maathai aliyepinga jengo la orofa 60, imependwa sana na watu wa mitaa hii. Sababu yake si mashua za ziwani pekee: hufikiwa kwa gari moja na mwendo mfupi wa miguu. Ilipofungwa mwaka 2021 ili ikarabatiwe, ilidhihirika jinsi familia hizo zilivyokuwa na mahali pachache pa kwenda. Bembea na gurudumu kubwa la Two Rivers, jumba lililofunguliwa mwaka 2017, ziko Barabara ya Limuru. Huko nako ni magari mawili.

Serikali haiwezi kudai kwamba haikuliona jambo hili. Halmashauri ya Uchukuzi ya Eneo la Jiji la Nairobi (NaMATA), iliyoundwa mwaka 2017, ina ramani ya njia tano za mabasi ya mwendo kasi zilizopewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Njia ya Kifaru imechorwa kuanzia Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, kupitia Donholm na katikati ya jiji, hadi Bomas na Karen. Yaani safari ile ile ya mama wa Kayole, bila kushuka mjini! Ujenzi uliotangulia ni wa njia ya Simba, kando ya Barabara ya Thika. Kifaru ingali kwenye karatasi.

Si lazima watoto wakue wakiingojea barabara hiyo. Mwaka 2018 serikali iliyatoa mabasi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) yakabeba abiria wa mitaa ya Nairobi kwa nauli nafuu. KWS nayo imewahi kuendesha basi la kuwazungusha wageni mbugani siku za mwisho wa juma. Hizi ni taasisi za serikali moja. Zikikaa pamoja na kaunti, haziwezi kushindwa kulitoa basi Hospitali ya Mama Lucy saa mbili asubuhi kila Jumapili ya likizo, lipite Barabara ya Jogoo hadi lango kuu, liwazungushe mbugani watakaolipia, kisha liwarejeshe saa kumi na moja jioni. Mama yule angelipa nauli 8 badala ya 16, na wala hangevuka jiji kwa miguu. Ama kitindamimba wa kupakatwa, bei yake na iandikwe mlangoni mwa basi kabla halijang'oa nanga.