Vituo vya Data na Siri ya Maji



Wiki iliyopita, baada ya Isha, mpwa wangu aliyesomea mambo ya kompyuta alinikuta barazani nikisoma gazeti. Habari iliyokuwa mbele yangu ilihusu wananchi wa nchi za mbali wanaopinga kujengewa vituo vya data karibu na makazi yao. Akacheka. "Mjomba," akaniambia, "watu hawa wanataka simu zao zifanye kazi, lakini hawazitaki nyumba zinazozifanyisha kazi. Huu si ujinga?" Nami, nakiri, nilimkubalia. Nilidhani ni ile hofu ya kila kitu kipya. Babu yangu mwenyewe hakutaka redio iingie nyumbani kwake mpaka alipozeeka.

Usiku ule nikasoma zaidi, na leo naandika kuiondoa kauli yangu.

Kituo cha data ni jumba lililojaa kompyuta zilizopangwa safu kwa safu, zisizozimwa usiku wala mchana. Picha unazozihifadhi, ujumbe unaoutuma, hata hizi darsa ninazowapelekea wanafunzi wangu kwa simu, zote hupitia au huwekwa katika majumba kama hayo. Tangu ije akili mnemba, yamezidi ukubwa na yamezidi njaa ya umeme. Kompyuta zikifanya kazi hutoa joto, na joto lisipoondolewa huziharibu. Njia moja ya kuliondoa ni kuyaacha maji yageuke mvuke, kama vile mtungi wa udongo unavyoyapoza maji kwa kutoa jasho. Maji yaliyokwisha kuwa mvuke hayarudi bombani. Yapo majumba yanayopozwa kwa hewa tu, lakini hayo aghalabu hutaka umeme mwingi zaidi. Ama utoe maji, ama utoe umeme.

Sasa tazameni yaliyojiri Uruguay. Mwaka 2023 nchi hiyo ilipatwa na ukame mkubwa uliokausha bwawa linalonywesha mji mkuu, Montevideo. Shirika la maji likalazimika kuchanganya maji matamu na maji ya mdomo wa mto, panapoingia bahari, na mabomba yakatoa maji ya chumvi. Sisi tuliokulia visima vya Mji wa Kale twaijua ladha hiyo. Wenzetu wale hawakuizoea, na wenye uwezo walinunua ya chupa. Katika hali hiyo ndipo ilipojulikana kwamba kampuni ya Google ilikuwa na mpango wa kujenga kituo cha data katika jimbo jirani la Canelones, ambacho kingetumia lita milioni 7.6 za maji safi kila siku, sawa na matumizi ya majumbani ya watu 55,000.

Lililonigusa zaidi ni namna tarakimu hiyo ilivyopatikana. Wizara ya mazingira haikuitoa kwa hiari. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu alilazimika kwenda mahakamani ndipo ikafunuliwa. Na hii ni nchi ambayo mwaka 2004 wananchi wake walipiga kura wakaandika katika katiba kwamba maji ni haki ya binadamu! Watu wakaingia barabarani, wakasema huu si ukame bali ni uporaji. Baadaye mpango ulibadilishwa, kituo kikawa cha kupozwa kwa hewa.

Msidhani siri hiyo ni ya nchi ndogo pekee. Marekani, katika jimbo la Oregon, upo mji mdogo uitwao The Dalles, kando ya mto Columbia, wenye watu wapatao 16,000. Kampuni hiyo hiyo ina vituo vyake pale tangu 2006. Mwaka 2021 gazeti la jimbo liliuliza: vituo hivi vinatumia maji kiasi gani? Serikali ya mji haikujibu. Ilikwenda mahakamani kuzuia jibu lisitolewe, ikidai kuwa hiyo ni siri ya biashara. Maji ya mji, yanayopita katika mabomba ya mji, yakawa siri kwa watu wa mji. Kesi iliachwa Desemba 2022 na hesabu ikatolewa: kwa mwaka 2021 vituo vilikuwa vimetumia galoni milioni 355, yaani zaidi ya lita bilioni 1.3, na zaidi ya robo ya maji yote ya mji ule.

Nilipofika hapo nikawaona wapingaji kwa jicho jingine. Wengi wao hawakuwa na ugomvi na elimu wala na simu. Waliuliza hesabu, wakanyimwa. Anayenyimwa hesabu ya mali yake mwenyewe ana haki ya kushuku.

Nasi wa Pwani jambo hili si geni. Juni 2019 mahakama ya masuala ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu, wa megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, na vituo vya data vimekwisha kujengwa hapa. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Imarati walitangaza mpango wa dola bilioni moja nchini, ukiwemo kituo kikubwa Olkaria, kilichokusudiwa kutumia umeme wa mvuke wa ardhini. Huenda ikawa kheri. Vijana wetu wanataka kazi, na mpwa wangu ni mmoja wao. Lakini mji huu ni mji wa madumu ya mikokoteni. Msikiti wetu wenyewe hununua maji ya boza miezi mingine ili watu wapate kutawadha.

Na tukiwa wakweli, maji yetu kidogo hayo sehemu yake yatoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba linalopita katika ardhi ya ndugu zetu wa Taita Taveta, ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba linawapita wakiwa na kiu. Kwa hivyo tukiuliza, tujue nasi tunaulizwa.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Nimemuomba mpwa wangu aandike barua kwa idara ya maji ya kaunti, aulize mambo matatu: vituo vilivyopo vinatumia lita ngapi kwa siku, kutoka chanzo gani, na katika miezi ya uhaba hukatiwa maji kama sisi au la. Kijana amekubali, ingawa kwa kusitasita.

"Mjomba, na wakisema ni siri ya biashara?"

Nikampa lile jina la mji wa Oregon, akalisome kwanza. Barua ikijibiwa, jibu lake nitaliomba nafasi katika ukurasa huu.