Deni la Kiti Maalumu

Wako watu waliozoea kusema kwamba mbunge wa viti maalumu ni mbunge wa kupewa, na kwamba mtu wa kupewa hana la kujivunia. Kauli hiyo husikika maofisini, na hata katika vyumba vya walimu. Kabla ya kuikubali, yafaa ipimwe kwa matendo, na maisha ya Ndugu Asha-Rose Migiro yanatosha kuwa mizani.

Magharibi ya mji wa Moshi, upande wa Shirimatunda na Karanga, mito ya Kilimanjaro huteremka kwenda tambarare. Upande huo iko Shule ya Sekondari ya Wasichana Weruweru, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Mama Maria Kamm. Hapo ndipo Ndugu Migiro, mzaliwa wa Songea, aliposoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuendelea Korogwe. Binti wa Ruvuma alisomeshwa chini ya mlima wa Wachagga kwa jasho la wakulima wa nchi nzima. Huo nao ulikuwa mlango wa kufunguliwa. Lakini mtihani aliufanya mwenyewe.

Alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1980, akapata shahada ya pili 1984 na ya uzamivu huko Konstanz, Ujerumani, 1992. Akafundisha sheria chuoni. Mwaka 2000 aliingia Bungeni kwa viti maalumu na kukabidhiwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Januari 2006 akawa mwanamke wa kwanza nchini kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na kabla mwezi huo haujaisha aliongoza kikao cha Baraza la Usalama kuhusu Maziwa Makuu, kilichopitisha azimio namba 1653. Katika meza ile haiulizwi mjumbe aliingia Bungeni kwao kwa mlango upi. Huulizwa kama anaijua hoja. Mwaka 2007 hadi 2012 alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Baadaye aliiwakilisha nchi Uingereza, na Agosti 2025 aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa CCM.

Hata hivyo, ngazi si mahali pa kulala. Tangu mwaka 2005 Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote. Mwaka 2014, Ndugu Migiro akiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, iliyotaka uwiano sawa wa wanawake na wanaume Bungeni. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na deni hilo halikulipwa.

Hapana shaka kwamba sheria peke yake haitoshi. Mwalimu anayemdharau msichana darasani, na mtumishi anayemcheka mwanamke aliyeteuliwa, wanaufunga mlango ambao taifa liliufungua kwa gharama kubwa. Naye aliyefunguliwa, akishaingia ndani, wajibu wake wa kwanza ni kuuacha wazi kwa wanaomfuata.