Kufundisha Nyota Pale Zisipoonekana

Mwalimu mwanachuo anayefanya mazoezi ya kufundisha Kariakoo aweza kushawishika kuliruka somo la nyota, kwa hoja kwamba taa za maduka na maghorofa zimewafichia watoto anga. Hatukubaliani na hoja hiyo. Elimu ya nyota haikomei kwenye yale yanayoonekana kwa macho.

Nyota huzaliwa katika mawingu makubwa ya gesi na vumbi, na gesi iliyo nyingi kuliko zote humo ni haidrojeni. Vumbi huzuia mwanga, lakini mawimbi ya redio hulipenya, kama matangazo yanavyoifikia redio iliyo ndani ya duka lenye kuta nne. Mwaka 1944, Hendrik van de Hulst wa Uholanzi alibashiri kwamba atomi za haidrojeni zisizo na chaji hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21 hivi. Mwaka 1951, Harold Ewen na Edward Purcell wa Marekani walilinasa. Tangu hapo wataalamu wamechora ramani za gesi hiyo, wakaona jinsi inavyozizunguka sehemu nyota zinamozaliwa na jinsi nyota changa zinavyoisukuma. Huko Afrika Kusini, antena 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa mwaka 2018, hufanya uchunguzi wa namna hiyo.

Haya yaweza kufundishwa bila zana za ghali. Wanafunzi wapime upana wa karatasi ya A4: ni sentimita 21, karibu sawa na wimbi lenyewe. Kisha waulizwe: ikiwa atomi moja hungoja kwa wastani miaka milioni 10 hivi ndipo itoe wimbi lake, yawezekanaje tulipokee? Walifikirie soko lao. Mnong'ono wa mtu mmoja haufiki barabarani, lakini uvumi wa umati husikika kutoka mbali. Atomi nazo ni nyingi mno, hata wimbi lao halikatiki mchana wala usiku. Mwalimu asisahau kueleza kwamba huu ni mfano tu: mawimbi ya redio si sauti, nayo husafiri pasipo hewa.

Mtoto anayeambiwa kwamba kati ya nyota na nyota hamna kitu amefundishwa uongo. Anayenyimwa somo kwa kuwa anaishi mjini ameonewa. Yatupasa basi kuliandaa somo hili mapema, tukiwa na karatasi, rula na redio ndogo, na kuliingiza darasani bila kungoja giza.